Picha ya Siew Ching

Karatasi za ratiba zilikuwa mia mbili, zimepangwa mezani mlangoni mwa ukumbi, na kila moja ilikuwa na picha ya Diễm. Chini ya picha paliandikwa: Siew Ching Cheong, mpiga fidla. Kisha mwaka wa kuzaliwa, na mwaka huu.

Diễm aliichukua moja. Ilikuwa picha yake ya mwaka jana, amevaa gauni jeusi, viola yake, ile nduguye fidla iliyo kubwa kidogo, iko chini ya kidevu. Siew Ching hakuwahi kupiga viola. Katika chuo hiki cha muziki cha Melbourne kulikuwa na watu ambao, hata wakifumba macho, wangeitambua fidla na viola kwa mlio mmoja tu, tena wakakwambia uzi upi umelegea. Picha ilikuwa imepita mikononi mwao na hakuna aliyeshtuka.

Mama yake Siew Ching alikuwa njiani. Ndege yake kutoka Malaysia ilitua asubuhi, na kumbukumbu ya mwanawe ingeanza saa nane. Sasa ilikuwa saa saba na robo.

Profesa Graeme alikuwa jukwaani, anapanga viti.

"Graeme, picha siyo."

"Picha gani?"

"Ya Siew Ching. Huyu ni mimi."

Graeme alivaa miwani. Akaitazama karatasi, akamtazama yeye, akairudia karatasi. Shingo ikamwiva.

"Lo. Pole. Ni hao wa ofisini." Akavua miwani. "Lakini mnafanana, lazima ukubali. Na nyie wenyewe si mlikuwa mnalitania jambo hili?"

Ni kweli walilitania. Miaka mitatu kila mmoja aliitwa kwa jina la mwenzake. Wanafunzi wengine waliwaita Cherehani wa Kwanza na Cherehani wa Pili, kwamba eti wanapiga bila kuchoka na bila kuhisi kitu. Siew Ching ndiye aliyeanza kuitikia jina lolote lililokuja. "Waache," alikuwa akisema. "Tukianza kuwasahihisha hatutapata muda wa kufanya mazoezi." Wakacheka, wakapanda treni kwenda Footscray kunywa supu ya tambi kwa mama yake Diễm. Tangu dhoruba ya Novemba iliyojaza chavua hewani, pumu ilipomchukua Siew Ching kabla gari la wagonjwa halijafika, Diễm hakuwa na wa kucheka naye.

"Tuzichapishe upya," alisema.

"Leo Jumamosi, ofisi imefungwa. Watu wanakuja kusikiliza muziki. Nani ataangalia picha?"

"Mama yake."

Graeme alirudi kwenye viti vyake.

Diễm alizizoa karatasi zote, akazifungia katika chumba cha kubadilishia nguo. Aliporudi mlangoni alimkuta mwanamke mfupi mwenye sweta la kijivu. Karatasi moja ilikuwa mkononi mwake. Kuna mtu alikwisha kumpa getini.

"Wewe ndiye Diễm," alisema mama yule. "Kila Jumapili alinitumia picha zenu."

"Nisamehe, mama. Nimechelewa kuziona karatasi hizi."

"Hawana picha yake?"

"Wanayo. Wanazo nyingi."

Mama aliikunja karatasi taratibu, picha ikawa ndani. Graeme alishuka, mkono mbele.

"Pole sana, mama. Binti yako alikuwa na vidole vya ajabu. Hakuna aliyemshinda kwa bidii."

"Ahsante. Na nini kingine?"

Graeme aliizungusha miwani mkononi. "Alikuwa mkimya," alisema mwishowe. "Mpole sana."

Mkimya, Siew Ching aliyeongea huku tambi zinaning'inia mdomoni? Diễm alisubiri mama akanushe. Mama alimgeukia, akamshika mkono.

Okestra ilipoanza, kiti cha Diễm kati ya wapiga viola kilikuwa kitupu, na hakuna aliyegeuka kukiangalia. Diễm alikuwa safu ya mwisho kando ya mama yule, anamnong'oneza. Kwamba Siew Ching aligombana na kiongozi wa okestra juu ya mwendo wa wimbo, na akashinda. Kwamba aliipa kila fidla aliyowahi kuazima jina la mwalimu aliyemchukia. Kwamba aliogopa kasa.

"Hilo la kasa sikulijua," mama alisema. "Endelea."

Diễm aliendelea. Lakini hadithi zilimwishia kabla ya wimbo kwisha, wakabaki wamekaa, wanatazama migongo ya watu.