Komeo la Chini

Habari hii nilipewa na fundi cherehani mwenyewe, mwaka juzi, shule zikiwa karibu kufunguliwa. Nilikwenda kuchukua sare ya mjukuu wangu, nikakuta haijaisha. Akaniambia, "Bibi, kaa. Nikimaliza pindo hili na miguu yako itakuwa imepumzika." Nikakaa, na lile pindo likawa refu.

Zamani watoto wa mtaa walimwita Mama Dirisha, ingawa mtoto hakuwa naye. Kazi zake zote zilipita dirishani. Kitambaa kiliingia, nguo ikatoka. Hata vipimo, mteja alijipima mwenyewe huko nje, yeye akimwelekeza kupitia nondo: "Shusha utepe kidogo. Hapo si kiuno dada yangu, hapo ni matumaini." Watu walicheka, wakampenda, lakini hakuna aliyewahi kukanyaga ndani. Mlango ulikuwa na makomeo matatu, na yote yalifungwa mchana kweupe.

Kila Jumanne mama yake mzazi alikuja kubisha. Fundi alimjua kwa hatua, moja nzito, moja ya kuburuta, maana mguu mmoja ulivunjika zamani ukaunga vibaya. Yule mama alibisha mara tatu, akasema, "Mwanangu, ni mimi." Basi fundi aliondoa mguu kwenye cherehani, akanyamaza kama panya aliyesikia paka, akaikalia mikono yake. Hatua zikishaondoka ndipo alipopumua.

Hakumfungulia kwa sababu moja. Alipokuwa na miaka saba, mama yake alimfungia stoo akaenda zake. Alikaa humo siku mbili, hana chakula wala maji, akilamba unyevu wa ukutani. Alikumbuka giza, harufu ya mafuta ya taa, na mlango. Baba yake, mtu wa ngumi, alitoroka siku hiyohiyo, akaja kufia mbali. Mtoto akalelewa na mama mkubwa. Miaka thelathini na minne alikuwa na jambo hilo kifuani, na kila Jumanne lilikuwa kama la jana.

Jumanne moja yule mama hakuondoka upesi. Alisema na mlango.

"Mwanangu, najua umo. Mguu umenigomea kabisa. Mjomba wako ananichukua niende nikakae kwake, na kwake ni mbali, sitarudi tena. Jumanne ijayo ndiyo ya mwisho."

Fundi akasema moyoni, afadhali. Lakini mfuko aliokuwa akiushona akaushona juu chini.

Keshoye akaja seremala, mzee mmoja wa maneno mengi, jina lake la mtaani Mzee Randa. Alikuwa ameagizwa meza ya kukatia vitambaa.

"Fundi! Leo utafungua, au meza niipitishe dirishani kama barua?"

"Iache nje, nitaiingiza mwenyewe."

"Utaiingiza na mgongo wa nani? Fungua bwana, mimi siumi, meno yenyewe yamebaki manne."

Akafungua, akajibanza nyuma ya mlango wakati mzee akiikokota meza ndani. Ilikuwa meza pana, nzito, juu imerandwa mpaka inateleza.

"Huu ulikuwa mlango," Mzee Randa alisema akijifuta jasho. "Kuna nyumba wameibomoa kule ng'ambo ya reli, nikanunua milango yao. Mbao za siku hizi ukizitazama vibaya zinapinda. Hii itatuzika wewe na mimi."

Fundi hakuuliza ni nyumba gani. Alitaka mzee atoke.

Siku mbili alikatia juu ya meza ile, akaisifu. Siku ya tatu kopo la pini likaanguka, pini zikatawanyika. Akachukua sumaku, akaingia chini ya meza kuziokota. Moja ilikuwa imenasa kwenye ufa wa ubao, akalala chali ili aifikie. Hapo ndipo alipomwona kuku.

Kuku mwenye miguu mitano, amechorwa kwa ncha ya msumari. Aliniambia, "Bibi, mimi nilimsahau kuku yule, lakini kidole changu hakikumsahau. Kilimfuata mstari kwa mstari bila mimi kukituma." Alimchora mwenyewe, ndani ya stoo ile, siku nyingi kabla ya ile mbaya. Mlango wa stoo yao ndio huo, uko juu ya pua yake.

Na karibu na kuku, upande uleule wa ndani, palikuwa na matundu manne ya skrubu na alama nyeupe ya komeo.

Akabaki chali mpaka mgongo ukafa ganzi. Kisha akafanya jambo ambalo mtaa ulilizungumza wiki nzima: alitoka nje. Alikwenda mbio hadi karakana ya seremala na sumaku mkononi.

"Mzee, ule mlango, komeo lake lilikuwa upande gani?"

Mzee Randa akashusha miwani. "Hata mimi nilishangaa. Lilikuwa ndani. Halafu chini, hapa, kwenye paja langu. Nikasema huyu alikuwa akifungia mbuzi, lakini mbuzi gani anajifungia mwenyewe kwa ndani?"

"Na upande wa nje?"

"Nje hapakuwa hata na tundu la msumari. Ndiko nilikoranda, ningeliona." Akachakura kwenye kopo lake la vyuma, akatoa komeo lililopinda. "Hili hapa. Inaonekana watu waliuvunja mlango kutoka nje."

Fundi akalishika. Lilikuwa dogo. Akalishusha hadi pajani pake, mahali ambapo mkono wa mtoto wa miaka saba unafika bila kujinyoosha, na palepale likamrudia.

Mama yake amechuchumaa, skrubu mdomoni, anafunga komeo jipya. "Jaribu. Unafika?" Naye akafika, akajiona mkubwa. "Haya. Ukisikia baba yako ameanza, ingia humu, ufunge. Usifungue hata ukisikia sauti yangu, maana atanilazimisha nikuite." Na ile siku yenyewe: vishindo, kisha kimya, kisha sauti ya mama nyuma ya mlango, chini kabisa, kama ya mtu aliyelala sakafuni. "Fungua mwanangu. Amekwenda. Naumia." Mtoto akatia vidole masikioni. Hakufungua. Alikuwa mtoto msikivu.

Siku zilizobaki hakushona kitu. Alikaa akitazama makomeo yake matatu, akijiuliza miaka yote hii alikuwa akimfungia nani nje.

Jumanne hatua zikaja, nzito, ya kuburuta. Kubisha mara tatu.

"Mwanangu, ni mimi."

Akasimama. Komeo la kwanza akalifungua, na la pili. La tatu mkono ukakataa. Aliuamuru, ukakataa, vidole vimekakamaa kama vya maiti. Akaweka paji la uso kwenye mbao.

"Mama," akasema, na neno hilo lilikuwa na kutu. "Uliniambia nisifungue hata nikisikia sauti yako."

 Akasikia mtu huko nje akijishusha polepole, sauti ikatokea chini, karibu na kizingiti.

"Kumbe umekumbuka." Akavuta pumzi. "Ulinitii vizuri mwanangu, ulifanya nilivyokutuma. Sasa amekwenda. Kweli amekwenda. Fungua."

Mkono ukalegea.

Msidhani walikumbatiana papo hapo kama watu wa harusi. Fundi alimwinua, akamkalisha kitini, kisha akampigia kelele.

"Miaka thelathini na minne! Ukaniacha nikuite mchawi! Kwa nini hukusema?"

"Nilitambaa hadi barabarani nikazimia. Nilipozinduka hospitali nikawaambia mtoto yumo stoo. Walipokuleta, neno lako la kwanza lilikuwa, 'Mama, ulinifungia.' Nikatazama mguu wangu, nikakutazama wewe. Ningekwambia ni wewe uliyeniacha mlangoni?"

"Ungeniambia nilipokua."

"Ulipokua ukawa hufungui."

Hapo fundi akacheka na kulia kwa pamoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini yule mama aliubeba wa mwanawe kama wake, na uzito wake aliujua yeye.

Wakanywa chai. Mama akaomba aonyeshwe kuku. Kuinama hakuweza, basi fundi akachukua karatasi na penseli, akaingia chini ya meza, akamnakili kwa kusugua, akamletea. "Miguu mitano," mama akasema. "Ndiyo maana hakushikika." Akapanda kitandani na karatasi yake, maana mjomba angekuja kumchukua kesho yake, na saa kumi ya jioni haijagonga alikuwa akikoroma.

Fundi akarudisha mlango bila kuutia komeo. Akakaa mezani, akalaza shavu kwenye ubao, mkono mmoja chini yake ukipapasa yale matundu manne. Akayahesabu, akarudia kuyahesabu, na kabla hajafika la nne usingizi ukamchukua.