Vidole Vitatu vya Bibi Maria

Jamani, hii hutaamini, lakini ilitokea, upande wa Sepuka, mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini. Ukuta mzuri kuliko zote kijijini ndio ulioua mtu.

Febronia na mumewe Antipasi walitoka juu mlimani, kwenye mawe. Huku chini wakapimiwa kiwanja kwa kamba, mstari mmoja na wenzao, juu ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo ule balaa! Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, masika unavimba. Mwaka haukuisha, kona ya nyumba ikaachia ufa kutoka chini mpaka kwenye boriti.

Hapohapo kwenye kona ndipo kilipokuwa kitanda cha mama mkwe wa Febronia, Bibi Maria. Bibi haoni. Kila asubuhi anaupapasa ufa, Febronia yuko kando.

"Leo kidole kimoja. Vikiingia vitatu, mwanangu, mnihamishie jikoni. Hapo ukuta hausimami tena."

"Si nitakuambia mimi, mama?"

"Wewe? Wewe hata uji ukiungua mpaka nikuambie mimi!"

Wanacheka wote wawili. Siri yao hiyo, Antipasi hajui.

Mvua zikaanza. Unyevu ukapanda ukutani mpaka usawa wa magoti. Vidole vikawa viwili. Ndo siku hiyo Antipasi, balozi wa nyumba kumi, akaja mbiombio.

"Wageni wa wilayani wanakuja! Wanaanza kwangu. Wakiuona huo ufa watasema balozi mwenyewe hakitaki kijiji. Kandika, mke wangu!"

Bibi akiwa kwa jirani anapukuchua mahindi, Febronia akakanyaga udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, akaujaza ufa, akalainisha kwa kiganja mpaka ukuta ukapendeza kama chungu kipya.

Bibi akarudi, akapapasa. Akapapasa tena.

"He! Ufa umejiziba wenyewe?"

Uso wote ulikuwa unacheka. Febronia akashindwa kusema kweli.

"Umejiziba, mama."

Akajiambia, nitamwambia wageni wakishapita. Wageni wakakwama kwenye matope siku tatu. Siku tatu bibi anapapasa, anamshukuru Mungu, analala. Siku ya nne wakafika, wakausifu ukuta, wakaenda zao. Febronia akachukua ndoo: nikirudi tu kisimani, namwambia.

Hakuwahi. Jua kali la mchana, mvua imekatika, kikasikika kishindo. Alipofika, kona yote ilikuwa chini, na bibi yuko chini yake. Kulikuwa na bonge moja halikuvunjika, alama ya kiganja chake Febronia imebaki juu yake, vidole vyote vitano.

Antipasi alikuwa anafukua kwa mikono, analia kama mtoto.

"Mama yangu alikuwa na masikio ya swala! Mbona hakutoka? Febronia, hakukuambia chochote kuhusu huu ukuta?"

Akisema, anaiweka damu ya mama mkononi mwa mumewe pia. Akinyamaza, anabaki nayo peke yake maisha yote.

Wewe ungemjibu nini?