Kobe Aliyesahauliwa Uvunguni

...sentensi moja tu, dada, ya kumtoa kobe, anasema mhariri, na kalamu keshanitia mkononi, sentensi moja, kana kwamba kobe hutoka mbio, na atokeje, ukurasa wa tisa wa kitabu chake Mama kamwingiza uvunguni mwa kitanda akwepe mvua, kisha hadithi ikashika njia yake, mto ukafurika, sungura akaoa, kitabu kikaisha, kobe wa watu kabaki hukohuko, Mama alimsahau, basi, kama alivyosahau sufuria jikoni kila alipoandika, utoto wetu wote tumekula wali wa kuungua, na waliogundua ni watoto, barua zikaanza, mwandishi, kobe alitoka?, naye Mama kichwa kigumu, kukiri kosa ng'o, anajibu moja moja, bado yumo, usimwamshe, mwingine anamwambia kobe kala soksi ya kushoto, msukumie na ya kulia... "Toleo jipya lazima liwe safi, dada, tutachekwa," naitikia mh, mhariri wa watu hana ubaya, viatu vinambana, namwona anavivua kisirisiri chini ya meza... kiatu, ee, kiatu cha shule, nina miaka minane na wivu umenijaa, Mama, mbona mimi huniandikii, akacheka mpaka miwani ikadondoka, wewe si uko hapa, nikuandikie ya nini, na asubuhi mguu wangu ukagonga karatasi ndani ya kiatu, kobe anakusalimu, anasema unakoroma... lo, niliisahauje hiyo, miaka yote nanung'unika kwamba aliwapenda wale kuliko mimi!... na tangu tumzike Mama barua bado zinakuja, zimejaa kabatini, sijafungua hata moja, naogopa, nitawaambia nini watoto wa watu, kumbe ndiyo maana niliitikia haraka aliponipigia simu huyu, kobe atoke, barua zikome, nipumue, mwoga mkubwa mimi, kosa la Mama nalisafisha kwa faida yangu, na akishatoka nani atauliza tena, watafunga kitabu walale, hapo ndipo Mama atakuwa amekufa kweli... "Dada, tumefika wapi?" "Nafikiri, mdogo wangu," karatasi bado nyeupe pe, kalamu hewani, nami nacheka peke yangu kama mwehu, kumtoa simtoi, nitamwambia akishavaa viatu, na leo hii nikifika nyumbani nafungua kabati, nichukue barua ya juu kabisa, nisijifanye Mama, niandike tu, mpenzi, aliyekiandika kitabu alifariki, mimi ni binti yake, niulize mimi...