Waya wa Dirishani

Binti yangu alipokuja kunionyesha gari lake la umeme, hakuniomba dua wala baraka. Aliniomba soketi.

"Mama, sisi tunakaa ghorofani," alisema. "Siwezi kuteremsha waya kutoka roshani kama mtu anayeteka maji kisimani. Hapa kwako gari linaegeshwa chini ya dirisha la jiko. Nitakuwa nachaji kwako."

"Na mimi je?"

"Wewe utapika kwa gesi yako kama kawaida. Pasi na birika la umeme tu ndivyo vitakavyongoja mpaka nimalize."

Basi tukakata pembe ya wavu wa dirisha, tukatoa kipande cha kioo cha chini, waya ukapita. Alinifundisha kila kitu, maana alijua mama yake hapendi kuwa na kitu nyumbani asichokielewa. Plagi iingie ukutani moja kwa moja, isipitie waya wa kuungia ule wa redio na feni, utayeyuka. Mvua haina neno. Mimi hata hivyo nilikivisha kichwa cha waya mfuko wa nailoni kila wingu lilipotanda, naye akacheka akaniacha. Na betri isijazwe pomoni. "Asilimia themanini inatosha, Mama. Betri ni kama tumbo, ukilijaza mpaka kooni kila siku linachoka mapema." Akaliagiza gari likome hapo lenyewe.

Ugonjwa wake haukutupa nafasi hata ya kuzoea neno lenyewe. Tulimzika, gari likabaki. Nikisema zaidi ya hapo sitaweza kuendelea.

Mkwe wangu ni fundi miwani, mtu mpole, wa maneno ya kuhesabika, ambaye akikosa la kusema huvua miwani yake na kuifuta kwa pindo la shati. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea kupitia kwa marehemu. "Mwambie Mama asante." "Mwambie mumeo asikae juani." Alipoondoka wa katikati, nilijua kwamba nimewapoteza na waliobaki, yeye na mtoto wao. Mwanamume atakwenda kwa mama mkwe wake kufanya nini, wakati mwenye mama hayupo?

Lakini gari lilitaka umeme.

Jumamosi moja asubuhi nilisikia changarawe zikisagika uani. Gari lile halina mlio, halina hata kikohozi. Bila changarawe hujui kama umepata mgeni. Nikachungulia. Mkwe alikuwa amesimama chini ya dirisha, ameukumbatia waya kifuani.

"Shikamoo, Mama. Sijui kama bado tunaweza..."

"Marahaba, baba. Soketi haijahama. Pitisha."

Nyuma yake akatoka mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hajapumzika. Akaingia jikoni, akatazama huku na huku.

"Mke mwenzangu, kwako hakuna chai?"

"Chai ipo. Wa kuichemsha ndiye hayupo, maana naona amekuja bibi-harusi mzima na mikono mifukoni."

Akacheka kicheko cha mama yake, kile cha kuanzia puani. Nilijigeuza nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Halafu siku moja niligusa ukuta karibu na plagi nikaukuta wa moto. Nikamwita jirani yangu fundi umeme. Akaweka kiganja, akatikisa kichwa.

"Mama, ukuta wako una homa."

Aliweka soketi nzito zaidi, akaivutia waya wake peke yake kutoka kwenye mita, kisha akamwambia mkwe apunguze kasi ya kuchaji. "Litajaa polepole, bwana. Ukilileta asubuhi, ujue ni mpaka jioni."

Mkwe akafuta miwani. "Samahani, Mama. Tutakukalia siku nzima."

"Haidhuru," nilisema. Moyoni nilitaka kumbusu yule fundi kipara chake.

Hapo ndipo nilipopata Jumamosi nzima nzima. Chiriku alifanya hesabu za shule kwenye meza ya jikoni na kunisuta kwa kutojua sehemu na desimali. Nilimsuka. Alikuwa na lile shungi gumu nyuma ya sikio, lisilokubali kitana, mahali palepale lilipokuwa kwa mama yake. Mkwe alikaa mlangoni na bisibisi zake ndogo akikaza vijiti vya miwani ya watu, na jua likizidi alisinzia kwenye kiti. Hakuna aliyesema habari za marehemu. Hapakuwa na haja, alikuwa ametuunganisha kwa waya.

Siku niliyoharibu mambo nilikuwa na furaha. Nilikuwa na nguo za kupiga pasi, nangoja gari limalize, nikamwambia Chiriku, "Mwambie baba yako, gari lake ni mgeni gani huyu? Linakuja na njaa, linakula mchana kutwa, sahani halioshi, na likishiba linaondoka bila kuaga."

Tulicheka mpaka tukashikana. Ulikuwa utani wa bibi na mjukuu. Lakini mjukuu hutaniwa, mkwe hataniwi. Neno hilohilo likivuka kizingiti likamfikia mkwe, halifiki kama kicheko, linafika kama kauli ya mama mkwe. Na Chiriku ni chiriku. Alimwambia njiani, neno kwa neno, akijivunia kulikumbuka.

Mkwe hakuonyesha lolote. Alikuja Jumamosi kadhaa zaidi, kisha siku moja akabaki amesimama baada ya kuchomoa.

"Mama, tumekulemea vya kutosha. Nimepata nyumba ng'ambo ya mji, karibu na kazini. Ina chaja yake ukutani. Hutasumbuka tena."

"Gari halijanisumbua hata siku moja, baba."

"Wewe ni mpole, Mama. Hata likikusumbua huwezi kusema."

"Kama ni yale maneno ya Chiriku, ule ulikuwa utani."

Akatabasamu, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. "Najua, Mama. Lakini hata utani una mahali ulipotoka."

Kila nilipokana, alisikia adabu. Neno la kweli lilikuwa moja: nisumbue. Lilifika mpaka kwenye meno likarudi, kwa kuwa sijawahi kuona mama mkwe akilisema. Nikamwambia, "Mungu awabariki na nyumba yenu."

Jumamosi ya mwisho alikuja na fundi vioo, kwa shukrani. Akanirudishia kioo cha chini, akaweka wavu mpya, dirisha likafunga kama halijawahi kutobolewa. Mkwe akalipapasa pembeni kuhakikisha upepo haupiti.

"Sasa hutapigwa na baridi, Mama."

"Asante, baba. Umenifanyia kazi nzuri."

Alipofika kwenye gari akageuka. "Ile themanini sijaibadilisha. Nimeiacha vilevile."

Niliinua mkono tu.

Walikuja tena, sisemi walinitupa. Walikuja na matunda kwenye mfuko. Nikawakaribisha sebuleni, maana ndipo wageni wanapokaa, na Chiriku akakaa ameunganisha magoti. Gari lilikuwa limeshiba huko linakotoka. Chai ilipokwisha hapakuwa na kitu cha kungoja. Mkwe akatazama saa, akafuta miwani, akasema wasinichoshe. Siku hizi wanapiga simu.

Dirisha jipya likifungwa, changarawe hazisikiki jikoni. Kwa hiyo Jumamosi naliacha wazi, upepo uingie ukitaka. Nguo zangu nazikunja juu ya meza, pasi naiweka pembeni, na siichomeki mpaka jua lizame.