Kipimo cha Juu ya Jiwe

Mimi Yotham, mwenyekiti wa kijiji, ndiye niliyewakosesha watu wangu mnara wa simu. Sikula rushwa ya mtu. Nilikosea kwa adabu tu.

Barua ilisema mtaalamu atatoka Dodoma kuja kupima mtandao, na kijiji kisicho na mtandao kitajengewa mnara. Chetu hakina. Ukitaka kupiga simu unapanda jiwe kubwa kilimani, nusu saa kutoka zahanati. Nesi wetu Hilda amelipanda mara nyingi, mgonjwa kamwacha peke yake kitandani. Na binti yangu Anyesi alikuwa na mimba ya miezi saba. Mnara ule niliutaka kuliko mvua.

Mhandisi Anthony alikuja na gari jeupe na kishikwambi. Aliniamkia vizuri, nikamchinjia mbuzi. Huku akila alitueleza sera: mkongo wa mawasiliano unasambazwa, na mjini kinajengwa kituo cha kuhifadhi data, chenye viyoyozi usiku na mchana, jenereta mbili na walinzi.

"Hata taarifa za zahanati yenu zitatunzwa humo, mzee."

Friji ya chanjo ya zahanati yetu inatumia gesi, na gesi ilikwisha tangu mavuno. Nilipiga makofi kama mjinga. Angalau taarifa zetu zitapata ubaridi.

"Sasa nipelekeni nikapime," akasema.

Sisi mgeni hatumpeleki pabaya. Tunampa kigoda kizuri, paja la mbuzi, na maji ya kisima cha mbali kwa sababu maji ya karibu yana chumvi. Ningemsimamishaje mtu wa serikali bondeni, simu yake imekufa mkononi, aaibike mbele ya watoto? Tukampandisha kwenye jiwe. Wazee wawili walimshika mikono asiteleze, na wanawake wakapiga vigelegele.

Kishikwambi kilisoma mtandao mzuri sana. Anthony akatabasamu, akabonyeza. Nami nikatabasamu, Mungu anisamehe.

Hilda alitufikia akihema. "Mhandisi, kapime zahanati! Huku juu haishi mtu!"

"Dada, mfumo unapokea kipimo kimoja kwa kila kijiji. Na kimeshakwenda."

"Kirudishe."

"Pingamizi zinatumwa mtandaoni ndani ya siku saba, ukiwa umesimama palepale unapolalamikia."

"Pasipo na mtandao?"

Anthony alifikiri. Hakuwa kijana mbaya. "Hiyo ni changamoto," akasema, akaomba asaidiwe kushuka.

Baada ya mwezi tukatangazwa miongoni mwa vijiji vilivyofikiwa na mtandao. Tukaletewa na bango. Limetundikwa ofisini kwangu, na kila nikiliona natamani kulichoma, ila ni mali ya serikali.

Juzi mchana Anyesi alijifungua, na damu ikakataa kusimama. Hilda hakuthubutu kumwachia hata kidogo, mikono yake yote miwili ilikuwa inakandamiza tumbo.

"Baba Anyesi, kimbia," aliniambia bila kugeuka. "Waambie walete gari sasa hivi."

Nina miaka sitini na minne. Sehemu ya mwisho ya lile jiwe niliipanda kwa magoti. Dada anayepokea simu za gari la wagonjwa aliitika mara moja, sauti yake safi kabisa.

"Mapigo ya moyo ya mgonjwa yakoje?"

"Sijui, mwanangu. Mimi niko kilimani. Leteni gari, mtoto wangu anakufa."

"Pole, mzee. Siwezi kutoa gari bila maelezo ya nesi. Mpe simu."

"Nesi yuko chini zahanati. Huko simu haishiki."

Nikamsikia akibonyeza-bonyeza. "Mzee, mbona hapa mfumo unaonyesha kijiji chenu kina mtandao, zahanati ikiwemo? Nenda mpaka alipo mgonjwa. Usikate, nakusubiri."

"Nikishuka itakatika!"

"Haikatiki. Imeandikwa hapa, mtandao mzuri sana."

Nikamwomba, nikamtukana, nikamwomba tena. Aling'ang'ania mfumo wake kwa upole wote aliofundishwa. Nikaanza kushuka, simu sikioni, nikimtajia jina la binti yangu, na umri wake, na kwamba huu ni uzazi wake wa kwanza. Hatua ya kumi alikuwa bado ananisikia. Ya kumi na moja nilikuwa naongea peke yangu.