Imezimwa

Watu wakitaka kufunga kile kifaa cha kufuatilia gari huja kuniuliza mimi, kwa sababu ukimuuliza mume wangu habari hizo ananyanyuka kwenda kunawa mikono. Nami huwajibu kweli tupu. Kinafanya kazi. Gari letu halijaibwa, kila saa unajua liko wapi, na ukitaka kulizima unalizima ukiwa umekaa kwenye kochi umekunja miguu. Wanashukuru, wanaondoka. Yaliyobaki siwaambii, maana nikiyaanza nalia, na mimi sipendi kulia mbele ya majirani.

Mume wangu anafundisha udereva. Mtaa wote unamwita Mwalimu, na mimi pia. Gari ndilo darasa lake na ndilo sahani yetu: dogo, la buluu, lina kibao cha L juu ya paa na breki ya pili upande anaokaa yeye. Tatizo la Mwalimu ni mdomo. Mwanafunzi akikosea haelekezwi, anafokewa. "Wewe kipofu? Huoni?" Anayesahau kioo cha pembeni ni kipofu, anayepanda ukingo wa barabara ni kipofu, hata mama mmoja muuguzi mwenye miwani mikubwa aliitwa kipofu mpaka akazoea. Hana ubaya moyoni. Kwake ni neno la kazini tu, kama "tia gia".

Mdogo wake tulimwita Brashi, kwa kuwa alikuwa fundi rangi wa magari. Buluu ya gari letu aliipiga yeye, akaichanganya mwenyewe kwa jicho, na kila mteja aliyeuliza ni buluu gani aliambiwa, "Hiyo haiuzwi, ni ya kaka." Brashi alikuwa mpole, hana mke, na chumba chake kilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko letu. Chakula kikiiva niligonga ukuta kwa mwiko, naye akaitika, "Nakuja, shemeji!" Ndiyo maana sikuwahi kuwa na namba yake ya simu. Ya nini, na mwiko ninao?

Jumapili moja Brashi alichukua gari bila kuomba. Alirudi mchana na madigadi ya kushoto imekwaruzwa kuanzia taa mpaka karibu na mlango. Mwalimu alimkuta uani, majirani wakiwa wanaanika nguo.

"Ulikwenda wapi na gari langu?"

Brashi akafuta vumbi kwenye taa.

"Hiyo nguzo uliyoipiga, hukuiona?"

Akainama, akapapasa mkwaruzo.

"Nakuuliza, wewe kipofu?"

Brashi alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Wakati ule niliona ni kiburi, nikaudhika kwa niaba ya mume wangu. Kisha aliweka funguo juu ya boneti taratibu, akaingia chumbani kwake. Mwezi haukuisha, akahamia mji mwingine, kwenye gereji ya rafiki yake. Hakuaga. Mimi nilijua kahama siku nilipogonga ukuta kwa mwiko na kuitikiwa na sauti ya mpangaji nisiyemjua, akiuliza kuna nini.

Mkwaruzo ule Mwalimu alikataa kuupaka. "Aje aupake mwenyewe," alisema, na gari likazunguka mjini na jeraha lake. Nikimwambia ampigie mdogo wake, jibu lilikuwa moja.

"Mimi ndiye mkubwa. Akianza yeye, nitaitika."

Na alikuwa anangoja kweli. Nalijua hilo kwa sababu simu ikilia aliidaka kwa haraka isiyo yake, akitazama jina, kisha mabega yanashuka. Mtu mzima, mwenye ndevu zenye mvi, anamnunia mdogo wake na huku anamtamani. Nilimcheka na nilimhurumia, yote mawili.

Kifaa alikifunga siku zile zile za hasira. "Hakuna atakayelichukua tena nisijue lilikokwenda," alisema. Tulikwenda wote dukani. Fundi alikuwa kijana mwenye maneno mengi, anayejisifia kazi yake. Alitueleza kwamba mle ndani ya kifaa kunaingia laini ya simu, na mwenye gari akitaka kulizima anaituma amri kwa ujumbe.

"Zamani amri zilikuwa za kigeni, wateja wanakosea herufi, mwizi anapotea," alisema. "Mimi nimewawekea Kiswahili. ZIMA na WASHA. Hata ukitetemeka ukaandika 'zima haraka mwizi huyo', kikiona zima tu, kinakata injini na kukujibu: IMEZIMWA. Haya, mmekuja na laini?"

Mwalimu akatoa pochi. Alikuwa amebadili namba yake wiki ile ile, kwa kuchoshwa na watu wa matangazo, na namba mpya alikuwa ameituma kwa kila mtu anayemjua, isipokuwa mmoja. Mnamjua. "Akinitaka ataiuliza kwa watu," alisema. Ile laini ya zamani bado ilikuwa mfukoni.

"Hii hapa. Ya nini kununua nyingine?"

"Na kitii namba za nani?"

"Hizo zilizohifadhiwa humo humo kwenye laini. Ni za nyumbani tu."

Zilikuwa za nyumbani, kweli. Yangu, za watoto wetu, na ya mdogo wake. Hakuna aliyekumbuka hiyo ya mwisho. Fundi akaongeza na namba mpya ya Mwalimu.

Mimi kile kifaa nilikiita mke mwenza, maana tukikaa sebuleni Mwalimu alikuwa anachungulia simu kuona gari liko wapi, na gari liko hapo nje, anaweza kulitemea mate kutoka dirishani. Alinichekea. Zilikuwa siku nzuri, na kama si ule mkwaruzo, ningesahau kuna kinachokosekana.

Gari lilizimika mara ya kwanza katikati ya mzunguko wa barabara, yule mama muuguzi akiwa kwenye usukani. Honi kila upande. Mwalimu akaanza, "Umeachia klachi! Wewe kipo—" na mama wa watu akamwonyesha mguu wake, umekanyaga klachi mpaka chini. Walisukuma gari pembeni wote wawili, muuguzi na sare yake nyeupe. Fundi alipopigiwa simu alisema ni mtandao tu, tuma WASHA. Mwalimu akatuma, likawaka.

Mara ya pili lilizimika kwenye mlima, likaanza kurudi nyuma, na breki ya pili ndiyo iliyowaokoa. Siku hiyo Mwalimu alibadilisha plagi, akabadilisha fyuzi, akamtukana fundi umeme wa magari ambaye hakuwa na kosa. Usiku wake hakula vizuri. Mara ya tatu ilikuwa kwenye uwanja wa mtihani, mkaguzi amekaa kiti cha nyuma na kalamu yake, mwanafunzi ndiyo kwanza anaingiza gia ya pili. Injini ikakata kimya kimya. Mkaguzi akashuka bila kusema neno. Kwa Mwalimu, hiyo ilikuwa aibu ya kuvuliwa nguo.

Tukaenda dukani, mimi nikimshika mkono asije akampiga mtu. Fundi alijitetea kidogo, kisha akafungua dashibodi, akachomoa laini na kuitia kwenye simu yake ndogo ya kufanyia majaribio.

"Kifaa hakina kosa," alisema akitazama kioo. "Kuna mtu anaamuru. Hebu sikia." Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. "'Kaka uko mzima? Ni mimi.'"

Akacheka. "Mnaona? M-zima. Zima imo humo ndani! Kifaa hakijui salamu, kinatafuta herufi zake tu. Kikakata injini na kumjibu: IMEZIMWA."

Mwalimu hakucheka. Aliegemea kaunta.

"Soma ya pili," alisema.

"'Kaka najua umekasirika. Hapo nyumbani mko wazima? Macho yananisumbua, daktari anataka niende na mtu. Naomba unipeleke.' Jibu, IMEZIMWA." Sauti ya fundi ilikuwa imeanza kupungua. "Kuna na simu alizopiga. Kifaa hakipokei simu, kinakata."

"Ya tatu."

Kijana alinitazama mimi, kama anayeomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa asome.

"'Nimekuelewa kaka. Wasalimie watoto. Ubaki mzima.'"

Ile ilikuwa siku ya uwanja wa mtihani. Mdogo wake alikuwa anamuaga, na Mwalimu alikuwa anapiga teke tairi.

Tulisafiri kesho yake. Njia nzima Mwalimu aliendesha mikono miwili, macho mbele, kama anavyowafundisha wengine, na hakufokea gari hata moja. Mji wenyewe tulioufikia ni wa kawaida, na gereji tuliipata kwa kuuliza mara mbili. Ilikuwa uwanja wenye mafuta yaliyokauka, magari yamebandikwa magazeti kwenye vioo. Brashi alikuwa amechuchumaa kando ya mlango wa gari uliolazwa kwenye stendi, anapiga msasa juu ya puti iliyozibia bonde. Anapitisha msasa, anapitisha kiganja, anapitisha msasa tena. Hakuwa anatazama anachofanya. Alikuwa ameinua uso kidogo, upande.

Gari letu liliposimama, mkono wake ulisimama pia.

"Hilo ni la kufundishia," alisema. "Klachi yake imechoka."

Akanyanyuka, akaja na mkono umetangulia mbele, akaipata boneti, akashuka nayo mpaka madigadi ya kushoto. Vidole vikapita kwenye mkwaruzo kuanzia taa mpaka karibu na mlango.

"Haukupakwa," alisema polepole. "Nani amekuja?"

Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa ameuziba kwa kiganja mdomo ule unaosikika mtaa wa pili.

"Ni mimi, shemeji," nikasema. "Niko na kaka yako."

Brashi alirudi nyuma hatua. "Mmefuata nini? Si aliniambia imezimwa, habari yangu na yake?"

"Sikukwambia!" Mwalimu akapata sauti, na ilikuwa sauti ya kilio. "Mdogo wangu, sikuzipata. Haki ya Mungu sikuzipata. Ile laini niliitia kwenye gari."

Nikamweleza mimi, maana Mwalimu alikuwa hawezi. Habari za kifaa, za fundi na Kiswahili chake, za uko mzima na mko wazima. Brashi alisikiliza mpaka mwisho. Mwanzoni alicheka, kile kicheko chake cha zamani cha nyuma ya ukuta.

"Kumbe nilikuwa naongea na gari."

Kisha kicheko kikaisha.

"Siku ile nililichukua kwenda barabara ya uwanjani," alisema. "Nilitaka kujua kama bado naweza kuendesha. Upande wa kushoto ulikuwa umeanza kunipotea, sijamwambia mtu. Ile nguzo sikuiona kweli. Uliponiuliza mbele za watu kama mimi ni kipofu, nilidhani umejua."

Mwalimu akakaa chini, pale pale kwenye mafuta, na suruali yake ya kazi.

"Na daktari?" nikauliza, kwa kuwa lazima mtu aulize.

"Alisema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, nisikawie. Upasuaji niliuogopa, shemeji. Nikasema nitakwenda na kaka. Nikangoja jibu. Jibu likaja." Alipangusa vumbi la puti mikononi. "Sasa mwanga naujua. Mtu simjui."

Mimi nililia bila kujificha, mafundi wa watu wakitutazama. Nilimlilia Brashi, na nililia pia kwa hasira, maana hapakuwa na mtu wa kumgombeza. Kifaa kilifanya kazi yake, fundi alifanya yake, na mume wangu alikuwa anangoja aanzwe, na alikuwa ameshaanzwa.

Brashi ndiye aliyemwinua. Alimtafuta kwa mkono, akamshika bega.

"Basi nijibu leo, kaka. Uko mzima?"

Mwalimu alilikwepa neno lile. "Nipo," alisema. "Nipo hapa."

Hakutaka tuondoke na ule mkwaruzo. Alikataa katakata. Aliukwangua, akautia puti, akaupiga msasa kwa vidole vyake mpaka nami nikipapasa sikuhisi kitu. Rangi aliichanganya kwa kukumbuka, akiuliza kopo hili lina maandishi gani na lile lina maandishi gani. Kisha akampa Mwalimu bunduki ya rangi.

"Mimi siwezi kuona nilikopita. Utapiga wewe."

Mume wangu hajawahi kushika bunduki ya rangi maishani. Alipiga hapa nyingi, pale kidogo, rangi ikachuruzika. Kila alipokosea alikaza shingo, anangoja kufokewa. Brashi alisikiliza mlio wa bunduki na kumwambia, "Polepole, kaka. Usiwe na haraka. Unakwenda vizuri."

Ilipokauka, Brashi alipitisha kiganja, akatabasamu.

"Buluu yetu imelingana?"

Nilitazama. Madigadi ilikuwa na buluu yake na mlango na yake, hata mtoto angeona. Mwalimu alitazama pia.

"Imelingana," alisema.