Starehe Aliyoitaka Cornelia

Kosa lilikuwa langu, tena nililiwekea alama ya vema kwa wino mwekundu. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, zimebaki wiki tatu tu tufike kwenye mtihani wa taifa wa elimu ya watu wazima, nami nikawaambia wanafunzi wangu wa kijiji cha Kasense kila mmoja aandike barua ya kweli kwa mtu wa kweli. Cornelia, mama wa watoto watano aliyeanza kwa kushika kalamu kama mpini wa jembe, alimwandikia mumewe Wilibrodi, aliyekuwa Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, akinunua samaki wakavu kwa ajili ya duka la kijiji. Aliandika hivi: "Mume wangu. Mimi mzima. Hapa nyumbani sina starehe. Nataka starehe. Rudi upesi. Ni mimi mkeo."

Herufi hata moja haikukosewa. Nilifurahi nikamkumbatia. Nilikuwa na miaka ishirini, sijaolewa, kichwani nimejaa irabu na silabi tu. Kesho yake barua ikaondoka na lori.

Wilibrodi hakujua kusoma. Akampa Zenon, karani wa pale mwaloni, naye akaisoma kwa sauti mbele ya wavuvi na wachuuzi. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Jua halijazama, Kabwe nzima inamwita Bwana Starehe. Alivumilia mpaka samaki wakatimia, akapanda lori la kwanza.

Aliingia darasani Jumatatu alasiri, ananuka samaki, kofia ameikunja mkononi. Alisema mkewe hasomi tena, maana shule hii inafundisha wanawake uhuni, na kesho angelifikisha jambo hilo kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Polikarp. Cornelia akachukua daftari lake, akainuka. Miaka miwili alikuwa akija pale, mvua ama jua, na mtihani ulibaki wiki moja.

Mimi nina mdomo, mjini wananijua. Nilimjibu kwamba mhuni ni yule anayesikia neno zima akachagua kipande kimoja. Hilo nalo halikusaidia kitu.

Nikapanda baiskeli mpaka Sumbawanga, upepo wa mwezi wa nane ukinipasua midomo. Baba yangu, Lukmani, alikuwa dukani anakata kitambaa. Ujanani alisoma chuo cha Kurani Ujiji, na Kiarabu anakielewa, si kukikariri tu. Nilimwamkia huku nahema, nikamuuliza starehe ni nini. Baba akatazama kulia na kushoto, kisha akataka kujua ni nani aliyenituma kuuliza. Nilipomweleza, alicheka, akaweka mkasi chini.

"Hamisa, neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, na huko ni kupumzika. Raha nayo ni hivyo hivyo, shina lao ni moja. Mtu amechoka, anatua mzigo, ile pumzi anayoishusha, hiyo ndiyo raha. Hayo ya chumbani yalikuja baadaye, yakakuta kiti kipo, yakakaa."

Nusura nimkumbatie mbele ya wateja. Maisha yangu yote nasema raha, nasema starehe, kumbe nasema pumzika! Nilirudi Kasense nikiyaimba maneno hayo mawili njia nzima, watu wakinipisha.

Kesho yake, mbele ya mwenyekiti, nilimwaga yote niliyoyajua. Mzee Polikarp akasema ni elimu nzuri. Wilibrodi akasema Kiarabu hakimhusu, yeye ni Mkatoliki. Nikafungua mdomo tena, lakini Cornelia alikuwa amekwisha simama.

"Mwenyekiti, mimi Kiarabu sikijui," alisema. "Naamka jogoo wa kwanza. Nachota maji, napura ulezi wa kijiji, halafu napura wa kwetu, nasaga, natafuta kuni, napika. Baba Adolfu akiwa Kabwe, na kazi zake zinakuwa zangu. Niliandika starehe kwa sababu nilitaka kukaa. Kukaa tu, mikono mitupu."

Mzee Polikarp, ambaye utundu haukumwisha na uzee, akauliza kama ile starehe nyingine basi haitaki.

Cornelia hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama mumewe.

"Naitaka sana. Lakini Baba Adolfu, mtu aliyechoka haisikii."

Moyo wangu ulikuwa unadunda kana kwamba ndoa ni yangu. Wilibrodi aliigeuza kofia yake mara mbili tatu, akaniuliza mtihani ni siku gani. Nikamwambia Jumatatu ijayo. Alisema mkewe ataufanya, akatoka. Nje, ukutani, mkewe alikuwa ameegemeza mzigo wa kuni alizokuja nazo. Wilibrodi akajitwika kichwani yeye mwenyewe, akapita nao katikati ya kijiji, watu wakitoka milangoni kumshangaa.

Ijumaa, siku yetu ya mwisho ya mazoezi, nilitaka kila mtu aandike sentensi yake mwenyewe. Cornelia aliificha yake kwa kiganja, kisha akanisogezea daftari. "Jana nilipata starehe."

Nikaweka vema. Ipi, sikuuliza, nilikuwa nimejifunza adabu. Lakini yeye akalivuta daftari lake, akalamba ncha ya penseli, akaongeza maneno mawili kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika: "Zote mbili."